Msalaba wa Shaba kwenye Sekunde ya Arobaini na Moja

Nimewasoma nyote mlioniandikia wiki hii. Aliyeniita mchawi nimemsoma. Aliyeniambia nirudi jikoni nimemsoma. Mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo ameandika kurasa tatu za kuniombea, naye nimemsoma mpaka mwisho. Sasa nyamazeni kidogo, kwa sababu lililo baya bado hamjalisikia.

Kwa waliochelewa: mimi ni Abigaïl, wa mtaa wa Katuba, hapa Katanga, binti wa Mama Edith. Kazi yangu ni kutengeneza video nikichambua trela za michezo ya video kabla michezo yenyewe haijatoka. Miaka mitatu iliyopita kaka yangu Fils alikwenda Kilwa, ile ya kwetu ya ziwani, si ya pwani, kupaka maboti rangi na kuyaandika majina. Boti moja ikazama katika ziwa Mweru. Wakatuambia alikuwa ndani. Maiti haikupatikana, basi tukazika nguo zake.

Mwezi uliopita ikatoka trela ya Les Fondeurs, mchezo ambao dunia nzima inaungoja. Mji wa wayeyushaji shaba, msichana anayekimbia, moshi mwekundu. Dakika mbili na sekunde nane tu, lakini watu wamezichambua kama mchele wenye mawe. Wapo wanaohesabu mabomba ya moshi ili wajue tarehe ya mchezo kutoka. Yupo mmoja aliyefanya video ya saa nzima juu ya viatu vya yule msichana.

Na kwenye sekunde ya arobaini na moja, ukutani nyuma yake, upo msalaba wa shaba, ile croisette yetu ambayo kila mtoto wa Katanga anaijua. Watu wa ng'ambo wanasema ni alama ya adui. Mimi nilisimamisha picha, nikauona mkono wa kulia wa chini ulivyo mfupi kuliko mingine mitatu.

Fils alivunjika mkono wa kulia akiwa na miaka tisa. Uliungwa vibaya, ukabaki mfupi. Tangu siku hiyo kila alichokichora alikitia sahihi ya msalaba wa shaba wenye mkono mmoja mfupi.

Nikatangaza mbele ya wafuasi wangu wote: kaka yangu yuko hai, na ukuta ule ameuchora yeye. Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa niungame.

Liévin mnamjua. Ni yule kijana wa Kenya, Kenya ya hapa kwetu, commune, yaani mtaa, si ile nchi. Naye anachambua trela, na tangu zamani tunagombania watazamaji. Siku moja tu baada ya video yangu, akatoa yake. Alikuwa amepiga picha misalaba kumi na miwili: ya geti, ya kitenge cha kwaya, ya kifungua chupa, ya kisahani cha majivu ya sigara. Chini yake akaandika, "Shikamoo, Fils!"

Nikampigia simu.

"Liévin, futa ile video."

"Juu ya nini nifute? Mi niko muongo? Mi nilisema bongo? Musalaba ya shaba iko kila fasi. Hata mu cendrier ya mujomba yangu iko. Sasa mujomba yangu naye alichora ile muchezo, ile jeu?"

"Mukono moya iko mufupi!"

"Abi, regarde bien, tazama muzuri. Ule mukono umefichwa na poteau, na nguzo. Weye unauzisha mufu wa kwenu juu ya vues. Haya haikupate?"

Kuuza maiti wa kwetu ili nipate watazamaji. Mimi! Hasira yangu, wasomaji, haina breki, na siku hiyo iliteremka mlima. Nilikata simu, nikafungua picha ya sekunde ya hamsini na nane, pale pipa linapobingirika mtaani. Juu ya pipa nikaandika herufi mbili kwa rangi nyeupe: F.K. Fils Kabwe. Nikazifubaza. Nikazikwaruza. Nikazipaka uchafu kidogo ili zionekane za siku nyingi.

Haikunichukua hata saa moja. Na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiimba.

Nikaitoa kwenye video mpya, na watu laki moja wakaitazama ndani ya siku mbili. Watu wa Brazili waliniandikia, watu wa Ufaransa, sijui wa wapi, wote wananililia kaka yangu. Sikumfikiria Mama hata mara moja. Mama hatazami mambo haya. Mama ana simu ya vitufe.

Lakini kanisani kuna wanakwaya, na wanakwaya wana simu kubwa. Jumapili alirudi kutoka misa bado kashika rozari mkononi, akasimama mbele yangu bila kuvua viatu.

"Abi. Banasema jina ya mutoto yangu iko mu ile film yako. Ni kweli?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa. Ningesema: Mama, msalaba ni wa kweli, herufi ni za uongo. Maneno machache tu.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Uliiona na macho yako?"

"Niliiona."

Aliketi chini pale pale mlangoni. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akatoa ule utepe mweusi kwenye picha ya Fils. Alasiri alifua mashuka yake. Siku ya pili akaanza kuuliza majirani nauli ya ndege ni kiasi gani, kana kwamba mimi nilikuwa nimemwambia Fils yuko wapi. Siku ya tatu aliweka sahani ya Fils mezani, na bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na kipande cha samaki kikubwa kuliko vyetu. Tukala tukiitazama ile sahani ikipoa.

Nililala siku hiyo nikijiambia kwamba yote ni sawa, maana Fils yuko hai kweli, na uongo wangu ulikuwa unasaidia ukweli kutembea. Mnaona jinsi mtu anavyojidanganya akiwa amekasirika?

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tano. Liévin alipakua trela kutoka kwa watengenezaji wenyewe, akaweka mapipa mawili ubavu kwa ubavu: lenye herufi, na lisilo na herufi. Aliweka kicheko tu.

Na hapo ukafa msalaba nao. Msalaba wa kweli! Nikawaambia watu tazameni sekunde ya arobaini na moja, wakanijibu kwa vichekesho vya mapipa. Niliwaandikia watengenezaji barua kumi na moja. Wakanijibu moja, ya mashine, kunishukuru kwa kuupenda mchezo wao.

Alhamisi alasiri akaja Papa Alphonse, mdogo wa marehemu baba. Alikaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa. Kwenye mkeka wa pembeni alikaa Chance, mke wa Fils, mjane, au si mjane, kutegemea unamwamini nani.

Niwaeleze hili, maana kisa chote kimening'inia hapa. Chance ameposwa na Zéphirin, fundi wa kuchomelea milango kule Kenya. Mtu mzuri, sina ubaya naye. Lakini kwetu mjane haolewi mpaka marehemu atolewe juu yake. Na anayemtoa ni dada wa marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kumpaka mjane mpemba, ule udongo mweupe. Fils ana dada mmoja tu. Nami nilikuwa nimeapa kwamba sipaki. Ukimpaka mpemba mke wa mtu aliye hai, umemuua huyo mtu. Hilo hata watoto wa Katuba wanalijua.

"Siku ya posho, Jumamosi hii, bantu banakuya," akasema Papa Alphonse. "Ba Zéphirin balishaka kutayarisha. Utatosha mufu, utamupaka Chance, Abigaïl."

"Mufu gani? Fils iko muzima."

"Iko muzima mu pipa?"

Nikasimama. "Papa Alphonse, na eshima yote, usiniseke."

"Nani anaseka? Kanisa muzima inatuseka! Mutoto wa kaka yangu analala mu mayi ya ziwa miaka tatu, weye unamufanya cinéma!"

Nikamgeukia Mama. Nilijua Mama atakataa. Mashuka ya Fils yalikuwa bado kwenye kamba uani, yanaonekana dirishani.

Mama alikuwa ananitazama mimi, si Papa Alphonse.

"Ile F na K, ni weye njo uliandika?"

"Ni miye, Mama. Lakini musalaba..."

"Nilikuuliza kama uliiona na macho."

"Mama, musalaba iko ya kweli! Mukono iko mufupi, tazama, nitakuonyesha..."

"Ulinitazama, ukaniambia uliiona." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Afadhali ingepanda. "Bongo moya, yote ni bongo. Utamupaka. Weye mwenyewe, na ile mukono yenye kuandika."

Nilitaka kuvunja kitu. Nilimchukia Liévin, nikamchukia Papa Alphonse na kiti alichokalia. Zaidi ya wote nilimchukia Chance. Watu wanagombana juu ya mume wake, kama yuko hai au ni maiti, yeye ametulia kwenye mkeka anachambua maharage! Nilipomwonyesha ule msalaba mara ya kwanza, alitazama kidogo tu, akasema, "Kweli inafanana," akarudi kwenye kazi zake. Nikadhani tayari moyo wake umehamia kwa Zéphirin.

Jumamosi ikafika. Asubuhi tulikuwa na misa ya kumwombea Fils. Padri alimaliza, akasalimia watu upesi upesi, akaondoka kabla ya mambo yale mengine, kama mapadri wetu wanavyojua kufanya. Saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Zéphirin alikaa chini ya turubai na wajomba zake, koti limembana mabegani, anamchekea kila mtu.

"Belle, merci sana," akaniambia nilipopita; belle kwetu ni shemeji.

Nikaingia ndani.

Kabla ya mpemba kuna chumba. Dada wa marehemu na mjane wanaingia wawili tu, mlango unafungwa, na dada anauliza swali moja mara tatu. Mjane anayedanganya kwenye swali hilo anapata wazimu, na mpemba inampasukia mwilini. Mimi nimesoma, ninachezea kompyuta mchana kutwa, na bado naliamini. Chance naye analiamini kuliko mimi.

Nilimuuliza kwa hasira, kama polisi.

"Chance. Tangu bwana yako alifwaka, uko na kintu ya kusema?"

Akatazama mlango.

"Tangu bwana yako alifwaka, uko na kintu ya kusema?"

Akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge. Nikafikiri, ahaa, kumbe huyu na Zéphirin walianza mapema. Nikasogea karibu.

"Mara ya tatu, Chance. Tangu bwana yako alifwaka..."

"Hakufwaka." Akanishika miguu. "Usimalize, belle, nakulomba. Fils hakufwaka."

Nitawaambia ukweli, maana ndiyo maana naandika. Jambo la kwanza lililoniingia kichwani halikuwa kaka yangu. Lilikuwa sura ya Liévin. Nilikuwa nimesema kweli! Msalaba ulikuwa wa kweli, na nilitaka kukimbia nikamwambie Liévin kabla hata ya kumuuliza huyu mwanamke kaka yangu yuko wapi.

Halafu akili ikarudi.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwezi mbili kisha kilio. Alinipigia simu. Iko Cape Town. Anachoraka mu ordinateur, mu kompyuta, kwa ba patron ba ile jeu."

"Na ile bwato?"

"Alikuwa aliiandika jina tu, akaenda zake Zambia. Kule njo alisikia kama ilizama, na kama bantu banasema yeye alikuwa ndani." Akameza mate. "Akaacha baseme."

Akaacha waseme. Mama alikaa chini miezi miwili, hakuoga siku nyingine mpaka nimbebe. Akaacha waseme!

"Juu ya nini, Chance? Tulimufanya nini?"

"Alisema alichoka. Baba yenu alipokufwaka, kila kintu ikakuwa Fils, Fils. Minerval ya shule, Fils. Nyumba, Fils. Mugonjwa, Fils. Alisema mufu njo muntu moya tu bantu habamulombe kintu. Miye akaniambia: olewa, nakuachilia."

"Zéphirin anajua?"

"Apana. Hata muntu."

Nikavuta pumzi. Lilibaki moja, na hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani mwezi mzima.

"Basi ule musalaba alituachia sisi. Alijua miye natazamaka ba trailer. Alijua nitaona."

Chance alitikisa kichwa.

"Nilimuuliza ile siku ulinionyesha. Alikasirika sana. Alisema mukono tu ilizoea, inachora yenyewe. Alisahau kuifuta."

Alisahau kuifuta. Nusu ya dunia inahesabu mabomba ya moshi na kupima viatu, na mimi nimemfanya mama yangu apakue chakula cha mtu asiyekuja, kwa ajili ya kitu ambacho Fils mwenyewe alisahau kukifuta. Hakuna aliyetuachia alama. Hakuna aliyekuwa anatuita.

"Na miye?" nikauliza, na sauti ilinitoka ya kitoto. "Juu ya nini hakunipigia miye? Niko mudogo yake."

Chance aliinamisha kichwa.

"Sema!"

"Alisema: usimwambie Abi, atafanya video."

Niliinua mkono nimzabe kofi. Ukabaki hewani. Ukabaki hewani kwa sababu simu yangu ilikuwa mfukoni, na tangu aliposema Cape Town nilikuwa nimeshaanza kuchagua kichwa cha video. Kaka yangu hajaniona miaka mitatu na ananijua vizuri kuliko ninavyojijua.

"Usinipake, belle," Chance akasema akilia. "Fils anaseka, anasema ni bintu bya bazee, nikubali tu biishe. Lakini kama anafwa kweli? Nitasema nini kwa Mungu?"

Nje Papa Alphonse akapiga makofi. "Abigaïl! Bantu banangoja!"

Na hapo simu ikatetemeka kiunoni mwa Chance, ndani ya fundo la kitenge. Aliitazama, uso ukambadilika. Nikamnyang'anya. Namba ndefu, ya nchi nyingine, haina jina.

Nilikuwa na matusi tayari, wasomaji. Matusi ya Katuba, ya kutosha miaka mitatu. Nikabonyeza, nikaweka sauti juu ili ayasikie vizuri na mke wake ayasikie.

Yeye akawahi.

"Chance? Ni fini, ilishaisha? Balishakupaka?"

Ilikuwa ni yeye. Sauti ile ile, puani kidogo, na alikuwa anatafuna kitu. Anakula! Matusi yote yakanitoka kichwani.

"Allô? Mama alilia mingi?"

Niligeuka nimwambie Chance auzuie mlango, nikakuta mlango umeshafunguliwa. Mama alikuwa amesimama pale na sahani ya mpemba. Wamemtuma atuharakishe. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

Akaweka sahani juu ya kitanda, akanyoosha mkono. Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni ingawa sauti ilikuwa inajaa chumba kizima.

"Chance? Unanisikia? Ni réseau ao ni nini?"

Mama alisikiliza. Nilingoja apige vigelegele. Nilingoja amwite jina, aanguke, watu waingie, Zéphirin avue koti, vurugu yote ianze. Midomo yake ilicheza kidogo, kama wakati anahesabu rozari.

Kisha akatafuta kitufe chekundu, akakata. Akamrudishia Chance simu yake vizuri, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akachukua sahani kitandani, akaniwekea mikononi.

"Paka," akasema.

"Mama, ule ni Fils. Iko muzima. Unajua kama tukipaka, tunamuua..."

"Nilisikia ni nani. Paka."

Chance alikuwa bado amepiga magoti, amefumba macho, machozi yanamfikia kidevuni. Nje wanawake walikuwa wameanza wimbo wa kututoa. Mama hakutoka. Alifunga mlango, akaegemea pale, akanitazama mpaka nikatia mkono kwenye mpemba.